Majani Yaliyomwagwa Darasani

Mlio ninaoukumbuka kuliko yote ya mwaka ule ni wa watoto thelathini na wanane wakitamka herufi moja. P. Si "pii", si "pa", ni pumzi tu inayopasuka kwenye midomo, p, p, p, kila mmoja na kijikaratasi chembamba mbele ya mdomo wake, na bati la darasa likiurudisha mlio huo chini mpaka ungedhani kuna sufuria kubwa ya uji inachemka mahali. Kijikaratasi kikiruka, umesema p. Kikitulia, hiyo ni b, rudia. Nilisimama mbele yao na chaki mkononi, msichana wa miaka ishirini na viatu vya kuazima, nikicheka kwa furaha, mpaka mwalimu mkuu akachungulia dirishani kuona ni nani amewasha jiko.

Mwalimu mkuu huyo, Mzee Mosonik, tulimzika mwezi uliopita. Kaburi lilichimbwa pembeni mwa shamba lake la chai huko juu Kimulot, karibu na msitu, na mvua haikutuhurumia; mchungaji alihubiri chini ya mwavuli, sisi wengine tukasimama kati ya mistari ya chai na gambuti zetu za mpira. Baadaye tukapewa wali na supu kwenye hema, na kijana mmoja mwenye ndevu akasimama mbele yangu na sahani mbili. "Madam Moraa," akasema, "hunijui? Ni mimi Kiprono. Karani." Nikamjua hapo hapo. Akanipa sahani moja, akakaa, akasema, "Unajua nilikuwa mtoto mbaya." Nikamwambia hapana, hukuwa mbaya, mbaya siku ile alikuwa mwalimu wako. Tukacheka wote wawili, lakini si sana. Nilirudi nyumbani na neno hilo moja, karani, likinikwaruza, ndiyo maana naandika.

Kazi yenyewe sikuipata kwa akili nyingi. Nilimaliza kidato cha nne na gredi ambayo mpaka leo mtu aniulize mara tatu ndipo nimtajie. Ya kwetu nitayasema mahali pengine. Hapa yatosha ujue kwamba nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, Mkisii kati ya Wakipsigis, na kwamba nilikuwa nikiota kuwa mwalimu tangu siku niliyoweza kushika kijiti na kufundisha kuku. Wazazi wa shule ile walitaka mtu wa kushikilia Kiingereza cha darasa la nne mwaka mmoja, kwa sababu aliyekuwapo alikuwa amehamishwa na wenye vyeti hawakutaka kupanda huko wakati wa mvua. Mzee Mosonik aliniangalia kuanzia viatuni akaniuliza, "Kiingereza unajua?" Nikasema kidogo. "Kidogo ni kizuri," akasema. "Wale wa kingi walishaenda Nairobi."

Nilipewa chumba nyuma ya stoo ya chakula. Ukuta ulikuwa wa mbao, kwa hivyo nililala na harufu ya mahindi na maharagwe, na nikijisomea kwa sauti sikukosa panya wa kunisikiliza. Nilikuwa na kitanda, stovu ya mafuta ya taa, beseni, na kioo kidogo nilichokitundika kwenye msumari ili asubuhi nitazame midomo yangu ikisema pull, bull, pull, bull. Pull ni kuvuta na bull ni dume la ng'ombe, lakini kwa watu wa kwetu na kwa Wakipsigis vilevile, hayo maneno mawili hukaa nyumba moja. Nilipokuwa kidato cha kwanza nilisimama siku moja kusoma, darasa zima likacheka, na mwalimu akacheka nao. Sikusoma tena kwa sauti mpaka nikamaliza shule. Kwa hivyo nilipokabidhiwa darasa la nne niliweka nadhiri moja tu, nikiwa nimeketi kwenye kile kitanda na kikombe cha chai: hapa kwangu, mtoto hatachekwa kwa sababu ya mdomo wake.

Sasa hivi, baada ya chuo nilichokifikia kwa kujikongoja, najua kwamba niliyokuwa nikiyafanya yana majina makubwa. Wakati ule hayakuwa na jina. Sauti ya s ilikuwa gurudumu la baiskeli linalotoka upepo, na sh ilikuwa kufukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa. Nusu ya darasa walikuwa baiskeli, nusu walikuwa mama mwenye mahindi, na ole wako ubadilishe upande. Wakati uliopita tuliuruka kwa kamba nje uwanjani: anayeingia kwenye kamba anasema go, anayemfuata anasema went, eat, ate, see, saw, ukikosea unashika kamba uzungushe wengine. Katika chumba cha walimu, saa nne, tukinywa chai nzito na nduma za kuchemsha, naibu wa mwalimu mkuu alikuwa akinitania bila kuinua macho kwenye daftari zake. "Huyu msichana anafundisha Kiingereza ama anafundisha kupuliza moto?" Na mimi nikimjibu, "Vyote, Mwalimu. Wakishindwa na Kiingereza watapika." Wakacheka, nikacheka, nikarudi darasani nikikimbia.

Lakini mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa kituo cha majani. Kila mtu huko anakijua: kibanda cha mbao na bati kando ya barabara, ambapo wakulima wadogo wanapeleka majani ya chai waliyochuna, karani anayamwaga mezani, anayapitisha vidole, akitafuta majani mawili na kichipukizi katikati. Yakiwa laini yanaingia kwenye mizani. Yakiwa magumu anayamwaga chini, kwenye saruji, mbele ya watu wote. Basi nikaleta kikapu darasani. Kila mtoto aliandika sentensi yake ya Kiingereza kwenye kipande cha karatasi, akaitia kikapuni, akaja mbele kwa foleni. Meza yangu ilikuwa meza ya karani. Karani alichaguliwa kila wiki, akavaa koti langu na kuweka kalamu juu ya sikio, akakagua: yuko anayetenda? Kiko kitendo? Kitendo kimevaa mkia wake wa s panapotakiwa? Sentensi nzuri iliingia kwenye sanduku, na ile mbaya akaimwaga chini, mwenyewe akaiokote, akaitengeneze, arudi. Watoto waliokuwa wakiogopa Kiingereza kama nyoka walianza kuandika sentensi tatu tatu nyumbani ili wawahi foleni. Nilijiona nimefika. Usiku niliota nikifundisha walimu wengine namna ya kufundisha.

Kulikuwa na msichana anaitwa Chelangat, wa miaka kumi, aliyekaa benchi la tatu upande wa dirisha. Muhula wa kwanza hakusema kitu. Muhula wa pili, kwa ajili ya kile kijikaratasi cha p, alianza kufungua mdomo, kwanza pumzi, halafu neno, halafu maneno mawili, na kila neno lake nilikuwa nikilibeba moyoni mpaka chumbani kwangu kama mtu aliyepewa yai. Jumatatu ile alipanga foleni kwa mara ya kwanza bila kusukumwa. Karani alikuwa Kiprono, mtoto mcheshi, hodari wa kuiga sauti za watu. Sentensi ya Chelangat ilisema kwamba mama yake huchuna chai, My mother pluck tea, na kitendo hakikuwa na mkia. Kiprono akakishika kile kipande cha karatasi kwa vidole viwili, akakohoa kikohozi cha mtu mzima, akakiachia kianguke sakafuni. "Mama," akasema kwa sauti nzito iliyotoka puani, "hii ni chakula ya ng'ombe. Rudisha nyumbani."

Darasa lililipuka. Na mimi nilicheka. Nataka niandike hivyo bila kuzungukazunguka, maana kwa miaka mingi nikisimulia habari hii nilikuwa naiacha sehemu hiyo. Alikuwa ameiga vizuri kiasi kwamba kicheko kilinitoka kabla sijakiangalia. Sikujua kwamba Jumamosi iliyotangulia, siku ya kuchuna, karani wa kweli alimwaga majani ya mama yake Chelangat kituoni na kusema maneno hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo ya puani. Mimi sikuwapo. Watoto walikuwapo. Chelangat aliokota karatasi yake, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye mfuko wa sweta, akatoka mlangoni kama mtu anayekwenda chooni. Niliendelea kufundisha kama dakika kumi ndipo nikaona nafasi yake iko wazi, na mkoba wake haupo.

Jumanne hakuja. Jumatano hakuja. Alhamisi nilimshika Kiprono kando ya tangi la maji, akanieleza yote akitazama vidole vya miguu yake. Saa nne nilimwendea Mzee Mosonik. Alikuwa akimenya nduma kwa kisu kidogo, polepole, kama mwenye siku nzima. "Madam," akasema, "darasa hilo hilo wasichana wawili walishaondoka. Mmoja kwa ugonjwa, mmoja kwa aibu. Wa ugonjwa alirudi. Chai ikishazoea mkono wa mtoto, haiuachi. Ukimkosa mpaka shule ifungwe, umemkosa." Naibu wake akadakia kutoka dirishani, "Kwani ni wewe ulimzaa? Si uko na wengine thelathini na saba." Nikasema niko na thelathini na wanane. Nilisema kwa adabu, lakini nilikuwa nimesimama, na chai yangu niliiacha.

Ijumaa jioni nikaenda kwao. Nyumba ilikuwa ng'ambo ya kijito, shamba la chai likianzia mlangoni kabisa. Jiko lao lilikuwa la udongo, na moshi ulikaa kiunoni, kwa hivyo ukiketi kwenye kigoda unaona vizuri na ukisimama unalia. Mama Chelangat alikuwa akisonga ugali, na jirani yake, mama mmoja mnene mwenye kilemba cha buluu, alikuwa akichambua mboga. Chelangat aliponiona alichukua ndoo akatoka kwa mlango wa nyuma. Nilisalimiwa vizuri, nikapewa kigoda, nikapewa mursik, yale maziwa yaliyolala kwenye kibuyu chenye mkaa, kikombe kimejaa mpaka ukingoni. Halafu wakaendelea na mazungumzo yao kwa Kipsigis, maana Mkisii ni Mkisii, atasikia nini. "Ndiye huyu?" jirani akauliza. "Ndiye. Mtoto anasema naye alicheka." "Na uso wake mzuri hivi." "Uso si kitu. Mpe ugali, ale aende." "Amekuja kuomba nini sasa?" "Labda amekosa mtu wa kucheka."

Nililelewa kati ya watoto wa Kipsigis. Kusikia nasikia kila kitu. Kusema ndiyo shida. Niliweka kikombe chini nikajaribu. Nikawaambia kwa Kipsigis changu kilichovunjika kwamba ni kweli nilicheka, kwamba sikujua, na kwamba kutojua hakunisaidii. Ugali ukatoa povu moja. Halafu yule jirani akajifunika uso kwa kitambaa, mabega yakimtikisika, na Mama Chelangat akakaza midomo lakini ikamshinda. "Mwalimu," akasema kwa Kiswahili, "hiyo samahani umeisema kama mtu anaita ndama."

"Nifundishe basi."

Akanifundisha. Nilirudia mara nne, na kila mara jirani alisema bado ndama anakuja. Mara ya tano wakakubali. Nikala ugali. Nikadhani yamekwisha, nikauliza kama mtoto atakuja Jumatatu, na uso wa Mama Chelangat ukarudi ulivyokuwa. "Hapana. Mkono wake ni mwepesi. Tangu hiyo siku anachuna tu, haongei. Majani haimcheki."

"Mama, nilikosea."

"Nimesikia. Umekosea. Lakini maneno ya mdomo ni rahisi, Mwalimu, na wewe kazi yako ni mdomo. Kesho tunachuna."

Nilikuwa pale kabla umande haujakauka. Jumamosi ya kwanza Chelangat alichuna mistari mitatu mbali nami na hakugeuka. Mimi nilivuta majani kama mtu anayeng'oa magugu, kikapu kikijaa upuuzi, na nilivyo na mdomo usiotulia nikawa naongea peke yangu, nawaambia miti ya chai habari za darasa, nani ameanguka kwenye kamba, nani bado anafukuza kuku kwa sauti ya baiskeli. Hakuna aliyejibu. Jumamosi ya pili alikuwa mstari wa jirani. Karibu saa tano, bila kuniangalia, akasema, "Usivute. Vunja." Maneno mawili. Nilifurahi kiasi kwamba nilivunja kichipukizi kilichofuata na tawi lake zima.

Jumamosi ya tatu tulimaliza mapema tukapeleka majani kituoni pamoja, mimi na kikapu changu mgongoni kama mwenyeji. Foleni ilikuwa ndefu, lori la kiwanda limeshafika, dereva akipiga honi kila baada ya muda ili watu waharakishe. Karani, mwanamume mfupi mwenye ile sauti ya puani, akachukua kikapu changu akakimwaga mezani, akapitisha vidole mara moja tu, halafu kwa mkono wote akayafagia chini. Majani ya chai yakimwagika kwenye saruji hayapigi kelele. "Nani huyu? Mwalimu? Mwalimu, hii ni chakula ya ng'ombe." Masikio yaliniwaka moto. Nilingoja kicheko. Nilikuwa nimekistahili, nilikuwa hata nimejiandaa kukipokea.

Hakuna aliyecheka. Mama Chelangat alishusha gunia lake akachuchumaa. Jirani wa kilemba cha buluu akachuchumaa. Mzee mmoja ambaye sikumjua hata jina akaegemeza fimbo yake kwenye nguzo akashuka polepole, goti kwa goti. Mikono ikaingia kwenye lile rundo, majani magumu yakaruka kushoto, laini kulia, kwa upesi ambao sijauona hata kwa kina mama wakichambua mchele. Dereva akapiga honi. "Ngoja," Mama Chelangat akamwambia bila kugeuza kichwa, na akangoja. Nikachuchumaa pia, sijui la kufanya, na Chelangat akaja ubavuni mwangu. "Hii ni mzuri," akasema. "Hii ni ngumu, tupa. Hii, vunja hapa chini. Unaona? Imekuwa mzuri."

Kule nilikozaliwa, kwenye shamba kubwa, msimamizi alipita na kila mtu alijibebea lake. Mwenzako akisemwa, ulitazama miguu yako ukashukuru si wewe. Nilikuwa nimekulia kwenye chai na nikadhani naijua, nikauchukua mchezo wa hawa wakulima nikaupeleka darasani, kumbe nilikuwa nimeona nusu. Nilimwuliza Mama Chelangat, bado tumeinama, kama siku ile alipomwagiwa yeye watu walichuchumaa. "Wote," akasema. "Kwani ulifikiri nilirudi na majani nyumbani? Kumwagiwa ni kawaida, hata bibi ya chifu anamwagiwa. Mbaya ni umwagiwe na watu wasimame." Akapuliza vumbi kwenye kiganja. "Darasani mlisimama."

Majani yangu yalirudi mezani nusu, na nusu hiyo ikaingia kwenye mizani. Tulipokuwa tukifunga vikapu Mama Chelangat akasema, kama anayezungumzia hali ya hewa, "Jumatatu nitamleta. Ukimwaga, uchuchumae."

Chelangat alikuja na gambuti za mama yake zilizomfika magotini. Benchi lake la tatu lilikuwa limepoteza ubao mmoja wa kukalia wiki zile, mtu amekwenda nao, kwa hivyo alibanwa katikati ya wenzake wawili kwenye benchi la nyuma, hakuna aliyelalamika. Nikalieleza darasa sheria mpya ya kituo: karani bado anamwaga, sentensi mbaya bado ni mbaya, lakini ikianguka hakuna anayekaa wala kusimama mpaka irudi mezani, na lori linangoja. Wakaniangalia kama nimewaambia tutasali kwa kuruka kamba. Karani wa wiki hiyo alikuwa msichana mkali sana, na wa kwanza kwenye foleni alikuwa nani kama si Kiprono. Sentensi yake ilisema kwamba jana lori huja limechelewa. Karani akaiachia ikaanguka. Kiprono akabaki amesimama peke yake mbele, shingo imeingia mabegani. Sheria wote walikuwa wameisikia, lakini hakuna aliyetikisika, na niliona macho yao yote yamekwenda benchi la nyuma.

Nilikuwa nimeshakunja magoti yangu mwenyewe niliposikia gambuti. Alipita kati ya madawati, tap, tap, kubwa kuliko yeye, akachuchumaa mbele ya kile kipande cha karatasi. Hakumwangalia Kiprono. Wakaja wawili, wakaja watano, mwishowe mbele ya meza yangu kulikuwa na rundo la vichwa na mimi nikiwa katikati, na kutoka chini kule sauti ndogo, yenye pumzi yote mahali pake, ikasoma, "Yesterday the lorry came late." Akampa Kiprono karatasi. Kiprono akauliza, kwa sauti yake mwenyewe, "Madam, sasa hii ni yangu ama ni yake?" Kabla sijafikiria jibu, Chelangat akamwambia, "Peleka kwa meza, lori inaenda."

Saa kumi walitawanyika. Nilibaki peke yangu. Nikaenda stoo, nikazunguka mpaka nikaupata ule ubao wa benchi la tatu, ulikuwa umetiwa chini ya magunia ya mahindi yasishike unyevu. Misumari ilikuwa bado imo, imepinda. Niliinyoosha kizingitini kwa jiwe, nikaurudisha ubao mahali pake, nikagonga kidole mara moja tu. Halafu nikakaa pale alipokuwa akikaa, nikajitikisa nione kama utanishika. Ulinishika. Nikainua macho, na ndipo nikaona kwamba kutoka pale mwanga wa dirisha unapiga ubao wa kuandikia, nusu yote ya kulia inang'aa tupu, herufi hata moja haisomeki. Niliinuka. Nikalishika benchi kwa mikono miwili, nikalivuta hatua moja mbali na dirisha, nikakaa tena, nikasoma mstari mzima mpaka mwisho.